BUSTANI YA MAMA: Nyanya na fraizi ndani ya ndoo

Ninyi watoto mnaomsomea mama ukurasa huu kwa sauti, someni polepole, leo kuna vipimo.

Juma lililopita tuliongea juu ya lengalenga na matembele. Mwisho wa mkutano mama mmoja akainua mkono akauliza: "Na sisi lokateri ambao parseli yetu ni jiwe tupu, tutapanda wapi?" Wengi walicheka, lakini lile ni swali la kweli. Tunakaa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilitapika tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji. Ikatapika tena tarehe 22 Mei 2021 upande wa kaskazini. Kwa kartiye nyingi ukichimba kidogo tu jembe linagonga jiwe. Na hata pale penye udongo, udongo ni wa bayeri.

Ndiyo sababu juma hili ninawaletea shamba la ndoo. Nyanya kwanza, maana ni siku chache sana mchuzi unapikwa bila nyanya. Fraizi pili, kwa sababu mji wetu uko juu, karibu mita 1500, na fraizi ni mmea unaopenda baridi kidogo. Watoto wetu wanaziona zikiuzwa barabarani, lakini kwa nyumba nyingi hazifiki kwenye sahani.

Kosa langu

Kabla ya kuwafundisha, niungame kwanza.

Kwenye mtaa wetu kuna mama aliyekimbia kutoka Masisi na watoto wanne. Kwao alilima maharagwe, viazi na mahindi kwenye kilima kizima. Hapa alipata chumba kimoja. Kila jioni nilimwona kwa mama muuzaji akinunua nyanya mbili, siku nyingine moja, akiomba ile iliyopasuka ili apunguziwe bei. Siku moja nikamwambia: "Dada, njoo nikupe ndoo tatu na miche, upande nyanya." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mama, mimi ni mkulima. Ndoo ni mchezo wa watoto." Hata hivyo alizichukua.

Nikamwambia achanganye udongo na mavi mabichi ya dende, nusu kwa nusu, ili nyanya zipate nguvu. Nilikuwa nimesikia tu kwamba mavi ya dende ni mazuri kwa bustani, sikuuliza zaidi. Siku ya tano majani yakaanza kukauka pembeni kama yamepitiwa na moto. Siku ya kumi miche yote mitatu ilikuwa imekufa. Na kwa siku hizo kumi yule mama alikuwa akipunguza maji ya bidoni la nyumbani, maji aliyoyabeba mgongoni toka ziwani, akimwagilia mimea ambayo mimi ndiye niliyeiua.

Alileta ndoo moja mpaka mlangoni kwangu. Hakugombana. Aliniambia: "Weka mkono humu." Nikaweka. Udongo ulikuwa na joto, na harufu yake ni ile ya choo. "Kwetu samadi inalala kwanza," akasema. "Ikiwa tayari inanuka kama msitu baada ya mvua. Hapo ndipo unaipa mmea."

Toka siku ile mwanafunzi ni mimi. Mengi mnayosoma hapa chini tumeyajaribu pamoja, yeye na mimi, ndoo kwa ndoo.

Chombo gani?

Kwa mmea mmoja wa nyanya tafuta chombo cha lita 20. Ndoo ya mafuta ya kupikia inafaa. Bidoni la njano lililotoboka, ukilikata juu, linafaa. Saki la unga lililokunjwa mdomo linafaa pia, ila halidumu. Chombo cha lita 10 kinaweza kulea nyanya fupi, lakini kitakauka haraka, na mama anayekwenda soko toka asubuhi mpaka jioni atakuta mmea umelala.

Fraizi haina mizizi mirefu. Kwake kina cha sentimita 20 kinatosha. Ndoo ndogo ya lita 5 inabeba mche mmoja. Beseni pana iliyopasuka inabeba mitatu au minne, ukiacha sentimita 25 kati ya mche na mche.

Chini ya kila chombo toboa matundu sita au manane, kila moja ukubwa wa kidole kidogo. Pasha msumari mnene kwenye mbabula, ushike kwa koleo, utoboe. Fanya kazi hiyo nje, watoto wakae mbali, usivute ule moshi wa plastiki. Usiache kutoboa. Mimea mingi ya ndoo inakufa kwa kuzama kuliko kwa kiu.

Kitu kimoja sitaki mama yeyote ajaribu: ndoo au bidoni lililokuwa na dawa ya wadudu, mafuta ya gari au maji ya betri. Hata ukiliosha mara kumi, usipande chakula humo.

Udongo

Udongo mtupu ndani ya ndoo unagandamana kama tofali. Sisi tunatumia vipimo hivi: makopo mawili ya udongo mweusi, kopo moja la mboji iliyoiva, kopo moja la changarawe ndogo za volkano. Zile changarawe nyeusi zenye matundu, ambazo tunazilaumu kila siku kwa sababu zinakata viatu, ndani ya ndoo ni baraka. Ni nyepesi, zinapitisha maji, na mizizi inapata hewa.

Usichote udongo karibu na garaji, kando ya barabara kubwa, wala mahali wanapochoma takataka. Pia usichote mahali ambapo nyanya, viazi, pilipili au bilinganya zilinyauka na kufa, maana ugonjwa unabaki ndani ya udongo.

Mboji unaitengeneza mwenyewe. Maganda ya ndizi na ya viazi, majani, mavi ya dende, ya sungura, ya mbuzi au ya kuku, pamoja na majivu kidogo, weka ndani ya saki au pembeni ya ukuta. Lowesha kidogo, funika, geuza kila juma. Baada ya miezi miwili au mitatu shika ngumi moja. Kama haina joto, haina harufu mbaya, na huwezi tena kutambua lipi lilikuwa ganda na lipi lilikuwa jani, imeiva. Mavi ya kuku ni makali kuliko yote, yape muda zaidi.

Weka ndoo mahali pake kabla ya kuijaza. Ikishajaa udongo na maji ni mzigo wa watu wawili.

Nyanya, toka mbegu mpaka sufuria

Kama huna pesa ya mbegu, nunua nyanya moja nzuri iliyoiva sana. Kamua mbegu na maji yake ndani ya kikombe, acha siku mbili au tatu mpaka juu pafanye utando, kisha osha kwenye chujio na kausha kivulini juu ya sahani. Si juu ya karatasi, zitanata. Jua tu kwamba kama nyanya hiyo ilitoka kwa mbegu za kuchanganywa za dukani, watoto wake wanaweza wasifanane na mama. Zile za umbo la yai, aina ya Roma, zinafaa kwa ndoo sababu mmea wake ni mfupi.

Panda kwenye kopo la sardini au chupa iliyokatwa, kina cha nusu sentimita hadi moja. Udongo huo wa kitalu ni kidogo, basi umwagie kwanza maji yanayochemka na uache upoe kabisa, wadudu na magonjwa yapungue. Mbegu zitatoka kati ya siku 5 na 10. Baada ya majuma manne hivi, mche ukiwa na urefu wa kiganja na majani manne au sita ya kweli, uhamishe jioni, jua likiwa limepoa. Hapa kuna siri: uzike mche wa nyanya kwa kina, mpaka karibu na majani ya chini. Shina lililozikwa linaota mizizi, na mmea unasimama imara.

Siku hiyo hiyo simika mti wa mita moja na nusu ndani ya ndoo. Ukingoja mpaka mmea ukue, mti utakata mizizi. Funga shina kwa kitambaa laini, fundo legevu, usilikabe.

Nyanya inataka jua la saa sita kwa siku. Chagua upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi. Kama unapanda aina ndefu, ng'oa vichipukizi vinavyotokea kwenye kwapa la jani, ubakize shina moja au mawili. Aina fupi usiikate hivyo, utapunguza matunda. Maua yakitoka, tikisa mti polepole saa za mchana, chavua ianguke. Kwenye baraza lililofungwa upepo haufiki, na maua mengi yanaanguka bure.

Kila majuma mawili au matatu ongeza mikono miwili ya mboji juu ya udongo. Unaweza pia kuloweka kilo moja ya samadi kavu katika lita 10 za maji kwa juma moja, kisha uongeze maji mpaka rangi ifanane na chai hafifu. Mwaga kwenye udongo tu, si juu ya majani wala matunda, na uoshe mikono kwa sabuni. Ukiona maua, kijiko cha majivu ya makala kwa kila ndoo kinasaidia, mara moja tu kwa mwezi.

Baada ya kuhamisha, ngoja miezi miwili na nusu hivi. Mmea mmoja uliotunzwa unaweza kukupa kilo mbili. Si shamba, ni ndoo.

Kitu kinachoua nyanya Goma

Tuseme wazi: adui mkubwa ni mildiu, ule ukungu wa mvua na baridi. Unaona mabaka ya kahawia yanayoonekana kama yameloweshwa maji, chini ya jani utando mweupe, na kwa siku chache mmea wote unakuwa mweusi. Unapenda miezi ya mvua nyingi, na unapita toka viazi mpaka nyanya, maana mimea hiyo ni ndugu.

Mwezi wa kumi na moja mama wa Masisi alikuwa na ndoo tano za nyanya. Tatu zilikuwa uani, mvua inazipiga. Mbili zilikuwa chini ya mabati ya mlango. Kwa juma moja zile tatu ziliondoka. Alizing'oa yeye mwenyewe, akazichoma, na sikuona machozi. Akasema tu: "Kule nyumbani ningepoteza mlima, hapa nimepoteza ndoo." Zile mbili za chini ya mabati zilizaa. Kwa karibu mwezi mmoja hakusimama tena kwa muuzaji jioni.

Kwa hiyo, wamama: ndoo inahama, shamba halihami. Tumieni faida hiyo. Mvua ikija, sogeza ndoo chini ya mabati. Mwagilia chini kwenye udongo, majani yabaki makavu. Ondoa majani yote yanayogusa udongo. Acha nafasi ya hatua moja kati ya ndoo na ndoo. Jani likionyesha baka, likate, lichome, na uoshe kisu kabla ya kugusa mmea mwingine.

Nyanya ikiwa na doa jeusi kavu chini ya kitako, huo si ukungu. Inatokea pale maji yanapokuja leo mengi, kesho hakuna, basi chokaa iliyo ndani ya udongo haifiki kwenye tunda. Dawa yake ni kumwagilia kwa kipimo kimoja kila siku.

Kwa wadudu wadogo wa kijani au weupe chini ya majani, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, uwapake jioni kwa kitambaa, na asubuhi usuuze majani. Musikimbilie dawa kali za soko zilizopimwa ndani ya chupa za soda bila jina. Ndoo iko mlangoni, mtoto anachuma na kula papo hapo.

Na jambo hili muwaambie watoto: majani ya nyanya si mboga. Usiyapike na sombe, wala usiwape dende.

Fraizi

Fraizi hatupandi kwa mbegu. Mmea mkubwa unatoa kamba inayotambaa, na mwisho wa kamba kuna mtoto. Omba kwa mwenye nazo, mara nyingi atakupa bure, maana mmea mmoja unaweza kuzaa watoto watano na zaidi.

Kupanda fraizi kuna kosa moja ambalo karibu kila anayeanza analifanya. Katikati ya mche kuna moyo, mahali majani yanapotokea. Moyo huo ukae sawa na uso wa udongo. Ukiufukia unaoza. Ukiuacha juu sana mizizi inakauka. Nyanya uzike, fraizi usizike. Mama mmoja wa kikundi chetu amefanya wimbo wa maneno hayo, na watoto wake hawakosei.

Maua ya kwanza, yale ya majuma matatu au manne baada ya kupanda, yakate. Najua yanauma mkono. Lakini mche ukizaa kabla ya kujenga mizizi utabaki dhaifu. Fanya vilevile kwa kamba zinazotambaa wakati unataka matunda: zikate, nguvu irudi kwa mama. Ukitaka miche mipya, acha kamba moja au mbili, bana mtoto kwenye kopo la udongo kwa kijiwe, na baada ya majuma matatu au manne akishika mizizi kata kamba.

Fraizi inataka jua kama nyanya, lakini haitaki majivu. Majivu yanabadilisha udongo kwa namna isiyoipenda, majani yanakuwa manjano. Inataka mboji na unyevu wa kila siku bila kuzama. Na sababu tunda linaliwa bichi, usimwage maji ya samadi kwenye fraizi. Mboji iliyoiva inatosha. Tandaza nyasi kavu chini ya majani, matunda yasilale kwenye udongo na kuoza.

Konokono wanakuja usiku. Waokote asubuhi mapema kwa mkono, chini ya beseni na chini ya nyasi. Ndege wanakuja mchana. Funika kwa ule mfuko wa wavu wa vitunguu. Ninarudia: mfuko wa vitunguu. Chandarua ni cha kulala watoto, kisitoke kitandani kwa sababu ya fraizi.

Kwa kawaida matunda ya kwanza yanakuja baada ya miezi mitatu au minne. Chuma likiwa jekundu lote, halizidi kuiva likishachumwa. Miche miwili haitoshi nyumba ya watoto wanne, itazaa ugomvi. Panda sita ukiweza. Baada ya miaka mitatu mama mzee anachoka, mbadilishe kwa watoto wake.

Kwa nini nawasumbua na fraizi, tunda ambalo wengine wanaliita la wenye pesa? Fraizi ina vitamini C nyingi, kuliko nyanya. Vitamini hiyo inasaidia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya maharagwe na mboga za majani. Chuma ndicho kinachojenga damu, kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba. Kula matunda hayo pamoja na chakula, hata matatu manne, si kupoteza.

Maji

Najua ninyi wote mlikuwa mnangoja hapa. Maji Goma ni kazi na ni pesa. Ndoo moja ya nyanya yenye matunda inataka lita moja hadi mbili kwa siku wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Ndoo ya fraizi inataka nusu lita hivi. Kwa hiyo usianze na ndoo kumi. Ndoo mbili za nyanya na beseni moja ya fraizi zinataka lita nne au tano. Hesabu kwanza kama unazo.

Maji ya kuoshea mchele, maharagwe na mboga hayamwagwi tena kwetu, yanakwenda kwenye ndoo. Maji yenye javeli au sabuni nyingi ya unga hapana. Maji ya mvua toka mabati ni mazuri kwa bustani, ila mvua ya kwanza baada ya jua refu iache ioshe vumbi la mabati, kisha uweke bidoni. Funika udongo kwa nyasi au majani makavu ya ndizi, maji hayakimbii haraka. Mwagilia asubuhi. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole mpaka fundo la pili. Kama ndani pana unyevu, ngoja kesho.

Maswali yenu

"Bayeri anakataa mimea uani, nifanye nini?" Zungumza naye kabla ya kuleta ndoo. Mwonyeshe kwamba huchimbi parseli yake na maji hayaendi kwenye ukuta. Weka mawe madogo chini ya ndoo, uani pasibaki tope. Na nyanya za kwanza, mpelekee mbili.

"Nimepanda, mmea ni mrefu na mzuri, lakini hauzai." Mara nyingi ni kivuli au samadi nyingi mno. Mmea umeshiba, unatoa majani. Usiongeze mboji kwa mwezi mmoja, usogeze kwenye jua.

"Watoto wa jirani wanachuma." Wape watoto hao kopo lao na mche wao. Mimi sikupata dawa nyingine.

Tulipofika

Mwezi wa tatu bayeri wa yule mama alipandisha bei ya chumba, ikabidi ahame. Nilikwenda kumsaidia kufunga vitu. Godoro, sufuria, mabidoni, na ndoo zake nne, mbili zina nyanya na mbili zina fraizi. Kijana wa chukudu alizipanga mbele, akazifunga kwa kamba, akauliza kama kweli anahama na udongo. "Ndiyo," akasema. "Huu ni wangu." Mtoto wake mdogo alitembea pembeni mpaka kartiye mpya ameshika mti wa nyanya, ili usivunjike kwenye mawe. Mmoja ulivunjika. Mmoja ulifika.

Sasa yeye ndiye anayelea kitalu cha kikundi chetu. Ananiambia siku ya kurudi Masisi ndoo ataniachia, mbegu atabeba. Namwombea siku hiyo ije.

Kazi ya juma hili

Sisi wamama tunajua likelemba ya pesa. Sasa tuanzishe likelemba ya miche. Kila mwenye fraizi alete Jumamosi watoto wawili wa mmea wake ndani ya kopo. Tutawapa wote mama mmoja, tukianza na wale wasio na udongo kabisa. Juma linalofuata mwingine. Baada ya miezi michache yule aliyepokea kwanza atakuwa naye anatoa.

Na ninyi ambao hamna kitu bado, njooni na ndoo moja iliyotobolewa matundu, na ngumi ya mboji yenu ndani ya sakeshi. Tutainusa pamoja. Kama bado inanuka choo, itarudi nyumbani ilale.

Juma lijalo tutaongea juu ya vitunguu vya majani kwenye chupa zilizokatwa.